Nafasi ya Tano ya Kabambare

“Dosie ya mutoto iko,” alisema Gaston bila kuinua macho. “Haikupotea. Shida ni moja tu: iko Kasongo.”

Véronique akamtazama mume wake, akamtazama binti yake, kisha akarudi kwa yule mtu wa nyuma ya meza. “Na siye tuko Kasongo, Chefu. Biro yako hii tuliyomo iko Kasongo. Si wote tuko pamoja?”

Gaston akacheka, kicheko cha mtu aliyelala penye godoro na kuamkia chai ya maziwa. Alikuwa amevaa tai nyekundu katika joto lile. Mbele yake palikuwa na kompyuta moja na mihuri mitatu. Kompyuta ilikuwa na vumbi mpaka kwenye pembe. Mihuri ilikuwa inang’aa kwa kufutwafutwa.

“Mama, munielewe muzuri. Nasema ndani ya mashini. Ndani ya mashini kuko folda mbili. Hii ya Kasongo, na hii ya Kabambare. Ninyi ni watu wa Kabambare, lakini dosie yenu iliingia huku.”

Jambo lenyewe halikuhitaji tai. Kulikuwa na mradi wa kupeleka vijana kusomea ukunga miaka mitatu, chakula na malazi juu ya mradi. Karatasi za kila mtoto, ndiyo hiyo dosie, zilipigwa picha na kupandishwa kwenye mtandao tangu mwezi wa pili. Kasongo walipewa nafasi kumi, na watoto thelathini na wawili walikuwa wanazigombania. Kabambare walipewa nafasi tano, na watoto waliojiandikisha ni wanne, kwa sababu habari za namna hii zikifika Kabambare zinakuwa zimechoka. Ijumaa saa sita ya mchana makao makuu yangefunga kila kitu, na mashini yenyewe ingechukua wenye pointi nyingi katika kila folda. Arlette, binti wa Véronique, alikuwa na pointi hamsini na saba. Ukiwa na hamsini na saba Kasongo, unarudi shambani. Kabambare unakuwa mtu wa tano, unapanda gari la mradi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

“Basi, Chefu,” alisema Véronique, “si uikamate tu uiweke kule? Huyu mutoto kwenye telefone anafanya hivyo na picha. Anaikamata na kidole, anaitupa pengine.”

Arlette akatazama chini. Zéphirin, mume wa Véronique, akamgusa mkewe kiwiko, maana alikuwa mtu wa kuogopa meza yoyote yenye mtu nyuma yake.

“Na kidole!” Gaston akaegemea kiti. “Mama, hii ni administration. Dosie haitembei ovyo kama kuku. Dosie ikitoka Kasongo, Kasongo inatoa karatasi ya kuiachilia. Ikifika Kabambare, Kabambare inapiga muhuri kwamba imeipokea. Unaniletea hiyo karatasi, mimi nahamisha. Si leo ndio nimeanza kazi.”

“Kabambare ile ya kwa barabara?”

“Kwani unajua ingine?”

Akachukua karatasi, akaandika mistari minne kwa mwandiko wa kupendeza, akapiga muhuri wa kwanza, akaupuliza ukauke. Ile dosie ilikuwa imekaa pale mbele yake katika kioo cha kompyuta, umbali wa vidole vitatu kutoka mahali ilipotakiwa kwenda. Kwa kuivusha vidole vitatu, mwanamke alitakiwa kwenda Kabambare na kurudi, tena mwezi wa mvua.

*

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa biro, Véronique alimuuliza mume wake swali ambalo alikuwa amelishika mdomoni muda wote.

“Baba Arlette. Nani alisema siye ni watu wa Kasongo?”

Zéphirin akavua kofia, akaivaa tena. “Ule mwenye kuandika aliuliza adresi.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikataja kwa marehemu kaka yangu. Avenue ile ya karibu na misheni.” Akakohoa. “Unajua vile watu wa cité, wa mjini, wanaangaliwa. Ukisema unatoka Lusangi wanaona jembe na tope. Nilisema mutoto aonekane mutu.”

“Sasa ameonekana?”

Akavua kofia tena. Huyu ndiye Zéphirin. Nyumba yake ilikuwa Lusangi, kijiji cha Kabambare, mihogo yake Lusangi, mama yake amezikwa Lusangi, lakini akisimama mbele ya mtu mwenye kalamu anakuwa wa mjini. Koti alilovaa siku hiyo lilikuwa la yule marehemu kaka, mikono imempita vidole.

“Nitaenda mimi,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe. “Lakini mutu mume inafaa akae hapa kufuata dosie. Kama Monsieur Gaston atauliza kitu…”

“Kaa,” alisema Véronique. “Ufuate dosie. Ukiona inakimbia, uniite.”

Arlette akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha.

*

Mwenye pikipiki aliitwa Faradji, mtu mzima wa makamo, koti la mvua limefungwa kamba kiunoni. Alitazama mizigo ya abiria wake asione kitu.

“Mama, unapeleka nini Kabambare?”

“Napeleka dosie.”

“Iko wapi?”

“Iko ndani ya mashini ya pale biro.”

Faradji akafikiri. “Sasa mimi nabeba nini?”

“Unabeba karatasi ya kusema dosie imepita.”

“Na haijapita?”

“Haijatoka hata kwa meza.”

Faradji akatikisa kichwa, akapiga pikipiki teke, wakaondoka. Walipofika kwenye matope ya kwanza, akashuka, Véronique akashuka, wakasukuma. Kwenye matope ya pili kulikuwa na lori limelala ubavu tangu Jumapili, matingo wake wanachoma mahindi juu ya tairi. Wakasukuma tena. Kwenye mto mdogo ambao daraja lake lilikuwa magogo mawili, Faradji alivusha pikipiki peke yake, na Véronique akafuata kwa miguu, ile karatasi ameivingirisha katika plastiki na kuifunga ndani ya kitambaa cha kichwa, mahali ambapo wanawake wengine hubeba mtoto wa kuku asilowe.

Walilala kijiji cha njiani kwa shemeji ya Faradji, wakafika Kabambare Alhamisi kabla ya saa tatu. Tawi la mradi lilikuwa chumba kimoja kando ya duka la sabuni. Aliyekaa humo aliitwa Christophe, na hakuwa na kompyuta. Alikuwa na meza, muhuri, na mswaki mdomoni.

Akaisoma karatasi mara mbili. “Hii inasema nimepokea dosie.”

“Ndiyo, Chefu.”

“Dosie yenyewe iko wapi?”

“Kasongo.”

“Sasa nimepokea nini?” Akatoa mswaki. “Mama, mimi siwezi kuandika nimepokea kitu sikukiona. Kesho kontrole ikija kukagua? Mwambie Gaston atume dosie kwanza, ndio nipige muhuri.”

“Gaston anasema upige muhuri kwanza, ndio atume.”

“Hiyo ni mambo yako na Gaston.”

“Ni mambo yenu wawili, Chefu. Ni yeye ananituma kwako, wewe unanituma kwake. Mimi ndio nimekuwa barabara yenu?”

Christophe akapenda sana neno lile “kontrole”, akalirudia mara tatu, kisha akatoka kwenda kutema mate. Aliporudi alimkuta Véronique amekaa kwenye kizingiti, miguu yenye tope ameinyoosha ndani ya biro, nguo imemlowa, na anatetemeka. Hakuwa amefanya makusudi, alikuwa amechoka. Lakini watu waliokuja dukani kwa sabuni walianza kusimama na kutazama, na mwanamke mmoja akauliza kwa Kibangubangu, kwa sauti kubwa, ni nani amemfanyia vile mama wa watu. Christophe hakuogopa Mungu, hakuogopa mradi, ila aliogopa wanawake wa Kabambare wakishaanza kuuliza. Akapiga muhuri. Hakuandika hata tarehe.

“Mama,” akauliza, sasa kwa ukarimu. “Umekula?”

“Nitakula Ijumaa,” alisema Véronique.

*

Ijumaa saa tano na robo aliingia katika biro ya Kasongo. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye magogo ya daraja, na cha pili alikuwa amekitupa kwa hasira, kwa hiyo aliingia peku. Zéphirin alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na Arlette, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameifuata dosie kwa siku mbili bila kusimama.

“Karibu, Mama,” alisema Gaston. “Tuliona utachelewa.”

Akaifungua ile plastiki kwa ncha za vidole, kama mtu anayefungua kidonda cha mwingine. Akautazama muhuri upande mmoja. Hakusoma maneno, hakuona kwamba hapana tarehe. Akaiweka karatasi ndani ya mtoto wa meza na kuufunga, na huko karatasi ile iko mpaka leo, kama panya hawajaila. Kisha akaifuta kompyuta vumbi kwa mkono na kuamsha kazi.

Véronique alisogea akasimama nyuma yake. Gaston akafungua folda ya Kasongo. Majina yakashuka, kila jina na kijisanduku chake pembeni na pointi zake mbele. Juu kabisa, peke yake, palikuwa na kijisanduku kimoja kisicho na jina. Gaston, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amehamisha dosie mbili tu, na zote akamwita mtu amsaidie, alikibonyeza hicho. Akabonyeza neno la kuhamisha. Akachagua Kabambare. Akabonyeza tena, akainua mikono yote miwili hewani kama padri.

“Voilà! Imeenda.”

“Asante sana, Monsieur Gaston,” alisema Zéphirin, amesimama wima. “Mungu akuongezee.”

“Mama,” alisema Arlette pole pole. “Wote wameenda.”

“Wote nani?”

“Wote wa Kasongo. Angalia. Folda iko tupu.”

Gaston akatazama. Folda ya Kasongo ilikuwa nyeupe kama sahani iliyolambwa. Akafungua ya Kabambare: watu thelathini na sita, wamebanana, wanagombania nafasi tano. Saa ya ukutani ilikuwa tano na nusu.

Ilichekesha kumwona. Tai ilimkaba ghafla. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akaita jina la kiongozi wake ambaye alikuwa kwenye semina ya siku nne kuhusu kazi bora. Akapiga simu, haikupita. “Plamedi,” akasema. “Mutoto wa dada yangu iko ndani. Dada yangu ataniua.”

Véronique hakumhurumia hata kidogo. Kwa siku mbili alikuwa anatafuta neno la kumpa huyu mtu, na sasa lilikuja lenyewe.

“Chefu, hao thelathini na mmoja wengine karatasi zao za kuhama ziko wapi?”

“Mama, tafazali.”

“Nauliza tu. Dosie haitembei ovyo kama kuku. Sasa nani ataenda Kabambare kuleta mihuri yao? Faradji yuko nje, piki bado ya moto.”

“Mama Arlette!” Zéphirin akanong’ona kwa hofu.

“Monsieur Gaston,” alisema Arlette, “ondoka kwa kiti.”

Na Gaston akaondoka. Mtu aliyekuwa administration yote siku ya Jumatano alisimama ukutani, na binti wa Lusangi akakaa katika kiti chake.

“Weka wote Kasongo, haraka,” Gaston akasema. “Acha yako peke yake. Yako si ndio unataka?”

“Na wale wane wa Kabambare wa tangu zamani? Nikirudisha wote, na wao watakwenda Kasongo. Watakosa.”

“Ni wane tu!”

Arlette akamtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichokwama kwenye soli. “Majina yao ni nani?”

Gaston hakujua. Kuzifungua dosie moja moja kuona adresi, mtandao ule ungetaka dakika mbili kwa kila mtu. Véronique akasogea karibu.

“Soma majina,” akamwambia binti yake. “Mimi watu wa Kabambare nawajua. Soma na jina la baba.”

Ndivyo kazi ya mtandao ilivyofanywa kwa masikio. Arlette akawa anasoma jina na pointi, na Véronique anajibu kabla hajamaliza. “Huyo baba yake ni muashi wa pale sokoni. Kasongo.” Arlette anaweka alama. “Laura? Huyo si wa kwa muuza chumvi? Kabambare. Muache.” “Plamedi,” na Gaston akapiga kelele “Kasongo!” kabla ya mtu yeyote. Wakacheka, hata yeye. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano Véronique alijisikia vizuri. Hakuna aliyesoma shule kubwa katika chumba kile aliyekuwa na kichwa kama chake. Kumi. Kumi na saba. Ishirini na tano. Wale wanne wote akawatoa kwa majina ya mama zao.

“Rachelle Lukamba,” alisoma Arlette. “Sitini na moja.”

Véronique akashika mgongo wa kiti.

Rachelle alikuwa mtoto wa Albertine, jirani yao wa Lusangi. Shamba lake na lao yanagawanywa na mfereji. Véronique na Albertine walilimiana kwa zamu tangu walipoolewa, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Rachelle alikuwa Kabambare kama mihogo ya kule ilivyo Kabambare. Na alikuwa na pointi sitini na moja. Wakiwa sita kwa nafasi tano, na wale wanne wote wamempita Arlette, yule wa sita angekuwa mwenye hamsini na saba.

Kama angerudishwa Kasongo, na hizo sitini na moja zake, asingepata kitu kule.

Zéphirin akakazia macho kofia yake. Gaston akatazama saa. Arlette hakugeuka; alikuwa ameinamisha shingo, na mkono wake juu ya mashini umesimama.

“Mama?” akasema. “Ni wa wapi?”

Lilikuwa neno dogo la kujibu. Halikuhitaji pikipiki wala muhuri.

“Kasongo,” alisema Véronique.

“Uko hakika?”

“Nimesema Kasongo. Endelea, saa inapita.”

Arlette akaweka alama. Akasoma waliobaki kwa sauti ya chini, mama yake akajibu kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akabonyeza mara tatu, na watu thelathini na mmoja wakarudi Kasongo kwa muda usiotosha kupiga chafya. Kabambare walibaki watano. Saa sita kamili maandishi ya kijivu yakatokea juu ya kioo, na kila kijisanduku kikafa.

*

Gaston aliagiza Fanta tatu. Alikuwa amepata tena sauti yake. Alikuwa tayari anamweleza mtu wa mlango kwamba mambo ya informatique, yaani kompyuta, yanataka utulivu. Zéphirin alikunywa Fanta yake, akanywa na ya mkewe.

Walitoka nje. Faradji alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Watu walikuwa wanatoka kwenye sala ya Ijumaa, kanzu safi zinaruka madimbwi.

“Mama Arlette,” alisema Zéphirin walipofika mbali kidogo na mlango. “Ile siku ya kuandikisha, baba yake Rachelle alikuwa nyuma yangu kwa mustari. Ni mimi nilimwambia ataje Kasongo. Nilimwambia ni muzuri.”

Véronique akasimama.

“Lakini dosie yake ilikuwa Kasongo,” akaendelea, na sauti yake ikaanza kupata nguvu, “imerudi Kasongo. Hakuna aliyekuja kuomba ihamishwe. Hakuna karatasi. Siye hatukuchukua kitu cha mutu.”

Alimtazama mume wake ndani ya koti la maiti, akitafuta pa kumdharau, kama alivyozoea. Safari hii hakupata pa kusimamia. Akainama, akaanza kukwangua tope kati ya vidole vya miguu kwa kijiti.

Arlette alikuwa amesimama pembeni. Hakuwa amefurahi, na hakuwa analia. Alikuwa mkunga mtarajiwa wa mradi, mtu wa tano wa Kabambare, na tangu walipotoka alikuwa hajamtazama mama yake usoni.

“Mama,” akasema. “Kesho tukifika Lusangi, Mama Albertine atakuja kuuliza. Tutamwambia nini?”

Véronique akatupa kijiti.

“Tutamwambia ni mashini.”